Wasia wa Mwalimu na Haki ya Msikilizaji

Michel Foucault alifariki mjini Paris tarehe 25 Juni 1984, akiwa na umri wa miaka 57. Katika barua aliyoiacha, ambayo ilikuja kuchukuliwa kuwa ndiyo wasia wake, aliagiza kwa maneno machache mno kwamba asichapishiwe kitu baada ya kufa kwake. Hakueleza sababu, wala hakubagua kati ya maandishi ya namna hii na ya namna ile. Hata hivyo, msomaji aingiaye leo katika maktaba kubwa ya falsafa atakuta rafu nzima ya vitabu vyenye jina lake ambavyo yeye mwenyewe hakupata kuvitia machoni. Atakuta majuzuu 13 ya mihadhara aliyoitoa katika chuo cha Collège de France, na pembeni yake juzuu la nne la Historia ya Ujinsia, lililotoka mwaka 2018, miaka 34 baada ya mwandishi kuzikwa. Basi ama wasia ule ulivunjwa, ama maana yake siyo hiyo tuidhaniayo.

Suala hili si la Wafaransa peke yao, wala si la wanasheria wa hakimiliki. Ni suala la maadili linalomgusa kila mtu anayefundisha na kila mtu anayesoma. Neno likishatamkwa mbele ya watu, ni la nani? Na neno lililoandikwa lakini halikutolewa, nani ana haki ya kulitoa? Napenda tuyatazame maswali haya mawili kwa kufuata kazi ya wale watafiti ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakifukua nyaraka na kanda za sauti za wanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 20. Katika kazi yao, ambayo kwa sura yake ni ya mavumbi na subira tu, kuna mzigo mzito wa amana ambao mara nyingi hatuuoni.

Kwanza inafaa tuelewe mahali penyewe. Collège de France ni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1530 katika zama za mfalme François wa Kwanza. Haina wanafunzi walioandikishwa, haitoi shahada, na milango yake i wazi kwa kila apitaye njia. Profesa wake anatakiwa kila mwaka atoe mbele ya watu utafiti mpya, si kurudia somo la mwaka uliopita. Foucault alishika kiti chake hapo tangu mwishoni mwa mwaka 1970 hadi mwaka aliofariki, isipokuwa mwaka mmoja wa mapumziko. Mwandishi mmoja wa habari aliyehudhuria mwaka 1975 alisimulia kwamba ukumbi wa viti 300 ulikuwa ukibeba watu 500, na kwamba mhadhiri alipokuwa akiingia ilimbidi avisogeze vinasa sauti vilivyojaa mezani ili apate pahala pa kuweka karatasi zake. Mwaka uliofuata Foucault aliihamishia mihadhara yake saa tatu na nusu asubuhi, akitumaini kwamba vijana hawataamka mapema kiasi hicho. Waliamka. Zile kaseti walizozirikodi ndizo zilizokuja kuwa chimbuko la vitabu tulivyo navyo.

Sasa tuisikilize hoja ya waliochapisha. Wao walisema kwamba mihadhara ilikwisha tolewa hadharani wakati mwenyewe yu hai. Kwa hiyo kuichapa si kuchapa jambo jipya baada ya kifo, bali ni kukitia wino kitendo kilichokwisha tendeka mchana kweupe. Kwa msingi huo mihadhara ya mwaka 1976 ilitoka mwaka 1997, nayo mingine ikafuata moja baada ya moja hadi mwaka 2015. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana kwa haraka. Katika mhadhara wa kwanza wa mwaka huo wa 1976, Foucault mwenyewe aliwaambia wasikilizaji wake kwamba haoni kuwa anawafundisha. Anawatolea hesabu ya kazi yake, nao wako huru kuitumia watakavyo. Isitoshe, mihadhara miwili ya mwanzo ya mwaka huo ilichapwa kwa Kitaliano mwaka 1977, yeye akiwa hai. Mtu aliyesema hivyo na akatenda hivyo hawezi kuhesabiwa kuwa alikuwa akiificha sauti yake.

Lakini kuna hoja ya upande wa pili, nayo haistahiki kupuuzwa. Kusema mbele ya watu si sawa na kuchapisha. Anayechapisha huwa amemaliza. Amepima, amefuta, amesimama nyuma ya kila mkato na kila nukta, akawa tayari kuulizwa. Anayehadhiri huwa bado yuko njiani. Husema neno leo ili alijaribu, na wiki ijayo akalirekebisha. Huangalia nyuso za watu na kuongeza mfano ambao haumo katika karatasi yake. Husitasita, hurudi nyuma, hufanya mzaha. Maji yakimwagika hayazoleki, na ulimi hauna mfupa. Ndiyo maana tangu zamani watu wamekubaliana kumsamehe msemaji mambo ambayo mwandishi hasamehewi. Ukiyachukua maneno ya msemaji ukayavika kanzu ya kitabu, umemwondolea ule msamaha bila ya kumuuliza.

Huenda mtu akasema kwamba maiti hadhuriki, basi msamaha huo una faida gani kwake? Nami nitajibu kwamba anayedhurika si yeye, bali ni darasa la kesho. Mwalimu ajuaye kwamba kila silabi yake itapigwa chapa hatathubutu kufikiri kwa sauti mbele ya watu. Atasoma karatasi aliyoiandika kwa hadhari, na kile kilichokuwa mhadhara kitageuka kuwa kitabu kinachosomwa kwa sauti. Wasia wa maiti una heshima yake, lakini heshima hiyo hasa hutulinda sisi tulio hai: hutuwezesha kusema leo tukiwa na matumaini kwamba tuliyoyasema tutatendewa kwa haki tusipokuwapo.

Tumtazame sasa Henri Bergson, ambaye kisa chake ni kikali zaidi. Bergson alikuwa mwanafalsafa mashuhuri kuliko wote Ufaransa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1927. Alipofariki mwezi Januari 1941, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, aliacha wasia alioundika mwaka 1937. Humo alisema kwamba yote aliyotaka umma uyapate alikwisha yachapa yeye mwenyewe, na akakataza kwa uwazi kabisa kuchapishwa kwa miswada yake, barua zake, na mihadhara yake, hata ile ambayo wengine waliiandika walipokuwa wakimsikiliza. Nyaraka zake nyingi zilitiwa moto kwa agizo lake. Huyu hakuacha mwanya: alitaja mihadhara kwa jina lake, na alitaja madaftari ya wasikilizaji.

Hata hivyo, kati ya miaka 1990 na 2000 yalichapwa majuzuu manne ya masomo yake ya shuleni na vyuoni, yaliyotolewa katika madaftari ya wanafunzi. Na tangu mwaka 2016 imekuwa ikitoka mihadhara yake ya Collège de France ya mwanzoni mwa karne. Hii ya pili ina historia ya kupendeza. Mshairi Charles Péguy, aliyekuwa akiyapenda mno mafunzo ya Bergson, aliwaajiri waandishi wa hatimkato ili wamnakilie mihadhara asiyoweza kuhudhuria. Péguy aliuawa vitani mwezi Septemba 1914. Karatasi zile zilinusurika, zikahifadhiwa katika Maktaba ya Fasihi ya Jacques Doucet mjini Paris, na moto ulioamrishwa na mwenye maneno haukuzifikia, kwa sababu hazikuwa nyumbani kwake.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Karatasi za Péguy zilikuwa mali ya nani? Wino ni wa mwandishi wa hatimkato, ujira ni wa Péguy, fikra ni za Bergson, na ukumbi ni wa umma. Sisi wa pwani hii tuliolelewa karibu na hukumu za mirathi tunajua kwamba wasia una mpaka. Mtu hausii zaidi ya thuluthi ya mali yake, na hana ruhusa kabisa kuusia kilicho cha mwenziwe. Naona kipimo hicho kinatufaa hapa kwa njia ya mfano. Bergson alikuwa na haki juu ya karatasi zilizomo sandukuni mwake, na haki hiyo aliitumia kwa moto. Lakini kilichokwisha ingia katika masikio ya mtu mwingine, kikakaa katika daftari lake na katika maisha yake, hakikuwa tena chake peke yake. Mwalimu aweza kuomba kisichapwe. Hawezi kuamrisha kisikumbukwe. Na daftari ni kumbukumbu iliyopewa mwili.

Ila kusema kwamba kitu si cha mwalimu peke yake si kusema kwamba ni cha msikilizaji peke yake. Hapa neno letu la amana linatusaidia kuliko neno la mali. Aliyesikiliza amepewa kitu akihifadhi. Ana haki ya kukitumia na hata ya kukifikisha kwa wengine, maana elimu iliyofungiwa hufa. Lakini ana wajibu wa kukifikisha kilivyo, na wa kutaja njia kiliyopitia hadi kumfikia. Wanazuoni wetu wa zamani hawakuridhika kuambiwa kwamba mtu fulani kasema. Waliuliza nani kamsikia, na huyo aliyemsikia kamhadithia nani. Uaminifu wa mapokezi ulikuwa sehemu ya elimu yenyewe.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuzitofautisha kazi mbalimbali za Kifaransa ambazo kwa juu juu zinafanana. Mwaka wa masomo wa 1933 hadi 1934, Simone Weil, akiwa bado kijana, alisomesha falsafa katika shule ya wasichana mjini Roanne. Alifariki Uingereza mwaka 1943 akiwa na miaka 34. Mwaka 1959 mmoja wa wale wasichana, Anne Reynaud-Guérithault, aliyachapa madaftari yake ya darasani. Kitabu kile ni kidogo lakini ni kiaminifu, kwa kuwa kinajitambulisha kwa msomaji kuwa ni maandishi ya mwanafunzi juu ya masomo ya mwalimu wake, wala hakijifanyi kuwa kitabu cha Weil. Anayekisoma husikia sauti mbili, na hajui daima ipi ni ipi, lakini anajua kwamba ni mbili.

Alexandre Kojève, mzaliwa wa Urusi, alimfasiri Hegel katika École pratique des hautes études kuanzia mwaka 1933 hadi 1939, mbele ya kikundi kidogo ambacho ndani yake walikuwamo Jacques Lacan, Georges Bataille, Maurice Merleau-Ponty na Raymond Aron. Yeye hakuandika kitabu. Mwandishi wa riwaya Raymond Queneau ndiye aliyekusanya maandishi na muhtasari wa masomo yale, na kitabu kikatoka mwaka 1947. Kojève alikuwa hai, naye aliridhia. Sehemu kubwa ya fikra za Ufaransa za nusu ya pili ya karne ile imepita katika daftari la msikilizaji mmoja aliyekuwa na subira. Lau Queneau angaliweka kalamu chini, wasikilizaji wachache tu wangalibaki na siri ile, nao wangaliondoka nayo.

Lacan mwenyewe alikuwa mtu wa kusema kuliko kuandika. Semina yake ilianza mwaka 1953 na ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20, huku mwandishi wa hatimkato akinakili. Mwaka 1973 lilitoka juzuu la kwanza lililohaririwa na mkwewe, Jacques-Alain Miller, kwa idhini ya Lacan. Baada ya Lacan kufariki mwaka 1981, wasikilizaji wengine walianza kutoa nakala zao, wakidai kwamba toleo la Miller limelainisha mno usemi wa mwalimu. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 1985 mahakama ya Paris ikathibitisha haki ya Miller. Sheria ilisema yake. Lakini mahakama haiwezi kujibu swali ambalo wasikilizaji wale walikuwa wakiliuliza: je, mtu mmoja aweza kuwa mlinzi wa sauti iliyosikiwa na mamia? Haki ya kuchapa inaweza kuwa ya mmoja. Haki ya kushuhudia, naona, haiwezi.

Tuingie sasa chumbani kwa mtafiti tuone afanyalo. Mbele yake ana kaseti za watu mbalimbali, nyingine zimechakaa. Kaseti ina pande mbili, na inapogeuzwa mhadhiri hamsubiri mtu. Sentensi hukatika, na nusu yake hupotea isipokuwa kinasa sauti kingine kiliinasa. Mtafiti husikiliza mara kumi ili apate neno moja. Hulinganisha sauti na hati ya mhadhiri, kama ipo, na akaona pale alipoiacha hati akasema jingine, au pale palipo na ukurasa mzima ambao haukusomwa kwa sababu saa imekwisha. Katika matoleo mazuri ya mihadhara ya Foucault mambo hayo yote huonyeshwa: panapokosekana sauti husemwa kwamba hapasikiki, na palipoongezwa kutoka katika hati huwekwa chini ya ukurasa. Kwa mwaka wa 1971 hadi 1972 wahariri hawakupata kanda, ikabidi kitabu kijengwe juu ya hati peke yake, nao wakalitangaza hilo. Subira hii isidharauliwe. Fadhila kubwa ya mtafiti wa nyaraka ni kuweza kuiacha sentensi ya mtu mwingine ikiwa haijakamilika, ingawa anajua, au anadhani kwamba anajua, vipi ingekamilika.

Ugumu wa kazi hii unaonekana vizuri katika kisa cha Roland Barthes. Alitoa mhadhara wake wa kwanza Collège de France mwezi Januari 1977, na akafariki mwezi Machi 1980 baada ya kugongwa na gari barabarani mwezi mmoja kabla. Mihadhara yake ilipochapwa mwaka 2002 na 2003, wahariri walichagua kutoa maandishi aliyokuwa nayo mezani, yaliyo mafupi na yaliyojaa alama, huku sauti yenyewe ikitolewa katika diski pembeni. Kisha mwaka 2015 mhadhara wake wa mwisho, uhusuo matayarisho ya riwaya, ulitolewa upya, safari hii kwa kunakiliwa kutoka katika sauti. Mwalimu ni yule yule na somo ni lile lile, lakini vitabu ni viwili, na kila kimoja ni cha kweli kwa namna yake. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kuchapa mhadhara ni kurudia tu kitendo kilichokwisha tendeka. Kila toleo ni fasiri. Mimi niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu kuhamisha maneno ya watu kutoka lugha moja kwenda nyingine nasema hivi bila ya kuwashitaki wahariri; nawakaribisha tu katika jamaa ya wafasiri, ambao dhima yao ni kukiri kwamba wamepita hapo.

Hadi hapa nimezungumzia neno lililotamkwa. Sasa lije lile lililo gumu zaidi, nalo ni neno lililoandikwa likazuiliwa. Juzuu la nne la Historia ya Ujinsia, Les Aveux de la chair, yaani Maungamo ya Mwili, halikuwa mhadhara. Ulikuwa mswada ambao Foucault alikuwa akiusahihisha mauti yalipomfika, baada ya kutoa juzuu la pili na la tatu mwaka ule ule wa 1984. Hapa ile hoja ya utendaji wa hadharani haifai kitu. Mswada haukuwa umesomwa mbele ya watu, haukuwa umekamilika, na mwenyewe alikwisha agiza. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 warithi waliuheshimu wasia kwa kuufungia.

Kilichobadilisha mambo ni nyaraka zenyewe. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa ilizitangaza karatasi za Foucault kuwa hazina ya taifa, na mwaka uliofuata Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilizinunua, karatasi zipatazo 37,000. Zikawa katika chumba cha wasomaji, ambapo mtafiti mwenye kibali anaweza kuzifungua. Ndipo ikatolewa hoja kwamba ikiwa wachache wanaruhusiwa kusoma, si haki wengine wazuiwe. Ama isome dunia nzima, ama asisome mtu.

Nakiri kwamba hoja hii inanigusa. Mimi sikusoma chuo kikuu. Falsafa niliyo nayo nimeipata katika vitabu vilivyokuja visiwani kwa bahati na katika kamusi iliyochanika jalada. Kwa mtu wa namna yangu, chumba cha wasomaji kilichoko Paris ni mlango uliofungwa, hata kama kitasa chake hakina ufunguo. Mtu anaposema kwamba mswada haujachapishwa bali unapatikana kwa watafiti, maana yake ni kwamba umechapishwa kwa ajili ya wenye nauli. Jacques Derrida, katika mhadhara alioutoa London mwaka 1994 juu ya nyaraka, alikumbusha kwamba neno la Kigiriki ambalo Wazungu wanatumia kuita hifadhi ya nyaraka asili yake ni nyumba ya watawala, walipowekwa wale wenye mamlaka ya kuzitunza hati na kuzifasiri. Hata leo nyumba hiyo ina bawabu.

Pamoja na hayo, haki ya msomaji aliye mbali haifuti agizo la mwenye mswada. Ni haki mbili zinazogongana, na mtu mkweli hukiri kwamba zinagongana. Wako wanaotaka kulimaliza jambo kwa njia ya mkato. Husema kwamba Foucault angalitaka karatasi zisisomwe angalizichoma kama Bergson. Kwa kuwa hakuzichoma, basi kwa siri ya moyo wake alitaka zisomwe. Sikubaliani nao. Aliyekuachia kifuko chake na neno lake hakukuachia kifuko peke yake. Hakukitia kufuli kwa sababu alikuamini, na kuugeuza uaminifu ule kuwa idhini ni mantiki ya mwizi anayesema kwamba mlango ulikuwa wazi. Wengine humtaja Franz Kafka, aliyemwagiza rafiki yake Max Brod achome kila kitu, na Brod hakuchoma. Dunia ikapata riwaya zake kubwa. Mfano huo unatuonyesha kwamba kuasi wasia kunaweza kuleta kheri. Hauonyeshi kwamba si kuasi.

Basi hukumu yangu ni hii. Mrithi anaweza kufikia mahali ambapo kuvunja agizo la marehemu ni kosa dogo kuliko kulifuata, hasa agizo linapokuwa limekwisha pungukiwa na maana kwa sababu wachache wanasoma na wengi wamezuiwa. Lakini anapofanya hivyo, afanye kwa uso mkavu na kwa ulimi ulionyooka. Aandike mlangoni mwa kitabu kwamba mwenyewe alikataza, na kwamba mimi fulani nimevunja, kwa sababu hii na hii, na lawama ni yangu. Ahadi ni deni, na deni lililokiriwa lina heshima hata lisipolipwa. Kinachoniudhi si kuvunjwa kwa wasia. Ni ile hila ya kulinyumbua neno hadi lionekane kwamba halikuvunjwa: kusema kwamba kitu hiki si cha baada ya kifo kwa sababu kiliandikwa kabla ya kifo. Kwa hesabu hiyo hakuna mtu duniani aliyechapishiwa kitu baada ya kufa, maana maiti haandiki.

Na kuhusu mihadhara, ambayo nimesema kwamba si ya mwalimu peke yake, wajibu hauwaishii wahariri. Unatufikia sisi wasomaji. Ni desturi iliyoenea siku hizi kunukuu sentensi ya mhadhara kwa uzito ule ule wa sentensi ya kitabu, kana kwamba mtu aliyekuwa akitafuta njia alikuwa amekwisha fika. Tukimnukuu Foucault wa mwaka 1976 tuseme kwamba alisema, tusiseme kwamba aliandika. Tukimsoma Gilles Deleuze katika masomo yake ya mwaka 1981 juu ya uchoraji, yaliyotokana na kanda na kuchapwa mwaka 2023, tukumbuke kwamba mbele yake palikuwa na watu, na kwamba baadhi ya maneno yake yalikuwa majibu kwa nyuso ambazo sisi hatuzioni. Kumsoma mhadhiri kwa adabu ni kumrudishia ule msamaha aliopewa na wasikilizaji wake wa kwanza.

Wenye hekima husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa hilo tunawashukuru waliobonyeza vitufe vya vinasa sauti, waliokaza kalamu, na wanaokaa leo na visikizio masikioni wakiitafuta nusu ya sentensi. Lakini daftari lina masharti. Huandikwa humo kilichoingia na kilichotoka, kilicho chetu na tulichoazimwa. Daftari lisilotofautisha kati ya hivyo viwili, hata likiwa nono kiasi gani, halitunzi mali ya mtu. Linaificha njia iliyopitia.